Upepo wa Mbodze

"Utumbo mmenikata, na uji nao mnaninyima? Hii ni hospitali au jela?"

Mbodze, muuza karanga wa kijiji cha Munje, alikuwa amesimama kando ya kitanda, dripu mkononi, akimfokea muuguzi wake, Mwinga. Uvimbe wa utumbo mpana ulikuwa umeshatolewa kupitia matundu madogo tu, kamera ikiongoza vyuma, na yeye alijiona mzima. Halali, haketi, leso anaifunga, anaifungua.

"Mkwe, uji ni baada ya kutoa upepo," Mwinga alijibu, uso ameuelekeza dirishani. "Ndiyo dalili kwamba utumbo umeamka. Umetoa?"

"Sijatoa!"

Uongo mtupu. Ulikuwa ukimtoka tangu alfajiri, na Mutheu wa kitanda cha pili aliusikia. Lakini Mwinga ndiye aliyemwoa bintiye. Hata tonge Mbodze hajawahi kulitia kinywani mbele ya mkwe huyu; leo amtajie ushuzi?

Mwinga alipotoka, Mutheu alinong'ona, "Mama, na ule wa asubuhi?"

"Ni kitanda kililia."

"Kitanda kimekula maharagwe?"

Mbodze akaizunguka wodi, akarudi, akaizunguka tena. Mchana akaja Daktari Purity, Mwinga nyuma yake.

"Shikamoo, mama. Bado hakuna upepo?"

"Marahaba. Bado."

Daktari akambonyeza tumbo. "Basi nahofia pale tulipounganisha pameziba. Tutapiga picha, na ikibidi tutapasua upya. Mara hii si matundu, mama. Ni kisu, kutoka juu ya kitovu mpaka chini."

Mbodze akautazama mlango, akamtazama mkwewe, akakitazama kitovu chake. Kisha akajigubika leso, kichwa na mabega.

"Nimetoa!" ikasikika sauti humo ndani. "Tangu alfajiri! Tena mwingi! Mkwe, ziba masikio!"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Mutheu akashika mshono wake, akilia kwamba watamuua.

Daktari aliruhusu uji. Mwinga akauleta mwenyewe, akautua juu ya kabati, akageuka.

"Mkwe, nimekuvunjia heshima," Mbodze alisema, bado kajigubika. "Kwetu hilo lina faini yake, nawe waijua. Nina deni lako la kuku. Nikifika nyumbani nitamleta."

"Hapana, mkwe. Mwache atage. Mimi nimeshasamehe, na upepo ule umenifurahisha kuliko kuku. Kunywa, unapoa."

Mbodze akangoja nyayo zipotelee ukumbini, ndipo akafunua uso, akakishika kikombe kwa mikono miwili.