Kofia ya Taa Nyekundu

Wa kwanza kulaumiwa ni baba. Upara huu ni wake. Alinipa mimi, bintiye wa kwanza, akawanyima ndugu zangu wa kiume. Kufika miaka arobaini na kitu, katikati ya kichwa pamebaki ngozi, na kitambaa nakivaa hata nikipika.

Wa pili ni msusi wa mtaa wa Tena, Nairobi. Ana kofia ngumu ya kuotesha nywele, ndani imejaa vitaa vyekundu. Unakaa nayo kichwani dakika ishirini, mara tatu kwa wiki, nami natoka mtaa wa Kaloleni kila mara. Haiumi, haichomi. Ndiyo maana nilishindwa kuamini, na ndiyo maana niliendelea.

"Zinaota?" namwuliza.

"Mathe, tulia. Nywele si sukuma wiki."

Kila Jumamosi anainua kofia na kunipiga picha kwa simu, lakini hazimi taa kwanza. Picha zote nyekundu. Mwezi wa tano wa kuvaa kofia nilipapasa nikasikia kitu kama manyoya ya kifaranga. Au nilitaka kusikia.

Ndipo baba akafa, tukampeleka nyumbani, magharibi. Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi, watoto wa marehemu wananyolewa. Nikajificha jikoni. Baba mdogo, huyo ndiye wa tatu wa kulaumiwa, akanifuata na wembe.

"Kwani ulilia kwa mdomo tu?"

"Baba, hizi nywele nazitibu."

"Zipi?"

Wanawake wakacheka, na kaburi bado bichi. Nikakaa kwenye kigoda. Hakuangalia hata kidogo kama katikati palikuwa na kitu. Alipaka sabuni, akanyoa, zikaanguka juu ya zile za ndugu zangu. Nilizitafuta pale chini. Utajuaje zipi ni za zamani na zipi ni za taa?

Niliporudi Nairobi, msusi akanishika kichwa. "Aki mathe, zilikuwa zimeanza. Si ungeniambia kwanza?"

Miezi yote hakusema hivyo. Akasema siku ambayo hakuna cha kuangalia. Sikurudi kwake tena.

Sasa zimeota. Pembeni nzito, katikati nyepesi, lakini zipo. Sijui ni taa iliyochelewa, au ni wembe umeziamsha, au zilikuwepo siku zote nami sikuwahi kujitazama bila woga. Jumapili iliyopita nilienda kanisani bila kitambaa. Hakuna aliyesema lolote. Mpaka leo sijui kama walinihurumia, au hawakuona cha kusema.