Kumbe hawakumsahau Papa Neema

Nilifikiri watu wamemsahau mume wangu.

Baada ya matanga nilifungua tovuti ili wanaomkumbuka waandike neno. Kimya kabisa.

Leo shangazi yake wa Kamanyola amenipigia: "Mama Neema, simu inanikataza kufungua tovuti yako! Inasema iko hatari. Unataka wezi wasome mambo yangu?"

Jamani, aibu niliyoona!

Nikamwita fundi wa kompyuta, akanieleza: tovuti haikuwa na cheti cha usalama. Maneno ya anayeandika yalisafiri wazi, kama barua isiyo na bahasha. Mtu wa njiani angeweza kuyasoma, hata kuyabadilisha. Akaweka cheti, kufuli dogo likatokea kando ya anwani ya tovuti.

Shangazi akarudi kwenye tovuti, akaandika: "Alikuwa anaimba akinimenyea viazi."

Viazi? Kwangu hakuwahi kushika kisu!

Na ninyi mliomjua, alinificha nini kingine? Andikeni bila woga.