Daraja la Kuinuliwa Pale Akheri

Miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipojaa madukani, kiwanda nilichokuwa nachomelea vyuma kilifungwa, nikarudi kwetu Akheri na ufundi wangu tu. Nikaukuta mto na tabia yake ileile. Mvua inanyesha juu mlimani, huku kwetu jua linawaka, mara maji yanashuka na mawe na miti mizima. Kila masika daraja letu la magogo lilibebwa, na mama yangu, aliyeuza maziwa ng'ambo, alizunguka hadi daraja la barabara kuu. Jambo hilo liliniudhi mpaka nikakaa chini nikachora daraja la kuinuliwa.

Nilitumia chesisi, ile fremu ya chini, ya lori bovu, nikatandika mbao za mgrivelea. Upande wetu nilifunga bawaba nene, nguzo mbili na winchi. Ukizungusha winchi, waya unavuta, ncha ya ng'ambo inanyanyuka na mto unapita zake. Mchoro ulikuwa wangu, na sioni haya kusema ulikuwa mzuri.

Watu walicheka, lakini aliyeniumiza ni mama. Mbele ya waliotoka ibadani alisema, "Daraja gani linalala na kuamka kama ng'ombe? Likibebwa, msiseme ni la mwanangu."

Tulikubaliana kuwa jirani wa juu akisikia mto unanguruma, agonge rimu ya gari aliyoitundika mtini. Mchana mmoja rimu ikalia. Nikakimbilia winchi, nikamwona mama ng'ambo na ndoo yake, hajafika darajani. Kwa kuogopa wezi wa vyuma nilikuwa nimefunga kila kitu upande wetu. Nikiinua, nimemfungia huko. Nikasita, nikampungia mkono avuke haraka.

Akaweka ndoo chini. "Inua! Mimi nitalala kwa dada yangu! Inua, wewe!"

Nikazungusha hadi viganja vikachubuka. Gogo la kwanza lilipita chini ya mbao, daraja likaponea chupuchupu, kisha yakafuata mengine. Daraja langu likabaki juu, zima. Nililia, tena mbele za watu.

Asubuhi maji yalipopungua nikalishusha. Ng'ambo walisimama akina mama na mizigo yao, hakuna aliyethubutu. Mama akatangulia. Katikati akasimama, akarukaruka mara mbili, akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Siku nyingine rimu ikilia, usinisubiri."

Kisha akawageukia wenzake. "Piteni, msiogope. Ni la mwanangu."