Shairi la Mpagazi wa Tura

Niliamini, na ningeapa, kwamba Malkia wa Uingereza husomewa gazeti letu kila Jumapili baada ya kanisa. Habari hiyo niliipata kwa tarishi mmoja wa bomani, nami, mhitimu wa shule ya usiku, nikavimba kichwa hadi kofia ikanikataa.

Gazeti letu dogo la Tabora lilipinga ubaguzi wa rangi, na mimi nilijitolea kuhariri mashairi. Basi kila ubeti niliuosha ili Malkia asikwazike. Mpagazi mmoja wa stesheni ya Tura alituletea shairi: yeye alipigwa teke na Mzungu mbele ya mwanawe kwa kukalia benchi la Wazungu. Teke nikalifuta, benchi nikalifuta, nikabakiza jua likitua juu ya reli. Nilijiona bingwa wa mashairi toka Ujiji hadi Bagamoyo.

Toleo lilipotoka, mpagazi huyo alipanda treni akanijia.

"Shikamoo, mzee."

Alinifunulia gazeti. "Teke langu liko wapi?"

"Malkia angeudhika, mzee wangu."

"Malkia hajui Kiswahili. Wanaosoma ni watu wa Tura. Niliwaambia nilivyopigwa, wakakuta jua tu gazetini, na sasa wanasema nilidanganya."