Nta ya Sikio la Mugisha

Jambo zima lilitugharimu unyoya mmoja wa kuku, kijiko kimoja cha samli, maneno mawili ya Kiswahili ambayo sikuyajua, na sikio la kushoto la mdogo wangu. Nimehesabu mara mbili, maana ndivyo nilivyo. Hata mkungu wa ndizi ukiletwa kibandani kwangu hapa Omurushaka nahesabu chane kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, na muuzaji akinuna namwambia anune huku mimi nahesabu. Hesabu hii ya sikio nimeirudia kwa miaka mingi nikitumaini kwamba safari moja itapungua. Haijapungua.

Nikisikia harufu ya samli inayopashwa moto, ile ya maziwa yaliyolala pamoja na moshi wa majani yaliyofukizwa kwenye kibuyu, narudi moja kwa moja kwenye kiangazi kile. Nyumba yetu ilikuwa Nyakatuntu, siku hizo bado tukihesabiwa watu wa Karagwe, kabla Kyerwa haijawa wilaya. Mbele yetu kulikuwa na uwanda wa nyasi zilizokwisha kuwa rangi ya mchanga, nyuma kibanja chetu cha migomba na kahawa, na jirani wa karibu alikuwa moshi tu upande wa pili wa bonde. Asipopika, hatukuwa na jirani. Baba alikuwa ameondoka na ng'ombe kufuata majani mabichi na maji. Mama alishinda kwenye mibuni akichuma kahawa tangu umande ulipokauka. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimefunga shule darasa la tatu, na nilikabidhiwa kazi mbili: kufukuza kuku wasichakure kahawa iliyoanikwa kwenye mikeka, na kumtunza Mugisha, aliyekuwa na miezi mitano.

Watu husema mtoto mchanga si mtu wa kuzungumza naye. Hao hawajakaa uani peke yao kutoka asubuhi hadi jua linapoegemea, sauti pekee ikiwa kucha za kuku juu ya buni kavu. Nilimsimulia Mugisha kila kitu. Nilimwambia ni mwalimu yupi anachapa na yupi anatishia tu. Nilimweleza jinsi ya kubadilishana maembe kwa penseli bila kupunjwa. Kila nilipofungua kinywa aligeuza kichwa, macho makubwa, kama mzee anayesikiliza kesi. Nikihama upande, naye aligeukia upande. Kiangazi kile chote mtu pekee aliyenisikiliza alikuwa yeye, na alinisikiliza kwa masikio yake yote mawili. Naomba msomaji alishike hilo.

Siku ya kupima uzito tuliondoka mapema, mama kambeba Mugisha mgongoni, mimi mbele na kadi ya kliniki mkononi. Mama hakuwahi kukaa darasani. Nyumbani tulisema Kinyambo, na Kiswahili chake kilianzia kwenye shikamoo kikaishia kwenye bei za sokoni. Nesi wa zahanati naye alikuwa mgeni, ametoka mikoa ya mbali, Kiswahili chake kimenyooka kama rula na Kinyambo hana hata neno la kuombea maji. Kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Sitaki kusema uongo, nilijisikia mkubwa. Wanawake kumi na mmoja kwenye benchi, na mwenye lugha mbili nilikuwa mimi mwenye magoti ya vumbi.

Uzito ulikuwa mzuri. Mama akaniambia nimwulize nesi juu ya kitu cha njano kilichoonekana mlangoni mwa sikio la mtoto, laini kama asali iliyoganda. Kwetu masikio ya mtoto hayaguswi, bibi alikuwa mkali kwa hilo, lakini mama aliona aibu kwamba Jumapili tutakwenda kumbatiza mtoto kanisani na watu watakiona. Nesi akamgeuza Mugisha kichwa, akachungulia, huku jicho moja liko kwenye foleni. Akasema haraka: "Hiyo nta tu, mama. Msiichokonoe, itatoka yenyewe. Futeni kwa nje na kitambaa chenye maji, basi."

Katika maneno hayo nilishika manne: itatoka, futeni, kitambaa, maji. Nta niliisikia darasani kwenye somo la nyuki, na nilijua sikioni mwa Mugisha hakuna nyuki, kwa hiyo nikaona nimesikia vibaya. Kuchokonoa sikukujua kabisa. Kuuliza si ujinga, wamesema wahenga, lakini nadhani aliyesema hivyo hakuwa na wanawake kumi na mmoja nyuma yake wanaomwona ni msomi.

"Anasemaje?" mama akauliza.

Nikajibu kwa Kinyambo, bila hata kumeza mate: "Anasema itoke. Isafishwe."

Mama alisimama kidogo. "Lakini bibi yako alisema masikio hayaguswi."

"Bibi si nesi," nikamwambia.

Hapo akamfunga mtoto mgongoni. Sikio halizidi kichwa, na siku ile kichwa kilikuwa serikali, na mdomo wa serikali ulikuwa mimi.

Kesho yake, kabla ya kwenda kwenye mibuni, mama alipasha samli kidogo kwenye kijiko, akaijaribu kwa kidole, akaniachia. "Ukimaliza kumwogesha, fanya kama nesi alivyosema." Nilichagua unyoya mwenyewe, unyoya mweupe wa bawa la kuku, nikauosha, nikaulowesha ncha kwenye samli. Nilimlaza Mugisha mapajani, sikio la kushoto likiwa juu, na nikaendelea kumsimulia habari, nafikiri ilikuwa ya mbuzi aliyekula kitabu cha mwalimu. Mara ya kwanza unyoya ulitoka na kitu cha njano. Nilifurahi kama mtu aliyepunguziwa bei. Mara ya pili ulitoka na kingine. Ningeishia hapo, labda leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini mimi ni mtu wa kuhakikisha, nami nikaona ndani kabisa kuna kingine, na kwamba unyoya ukisukumwa zaidi kidogo utakifikia. Leo najua kwamba kijiti au unyoya unaposukumwa, nta nyingi inarudishwa ndani na kushindiliwa, kama mtu anayefagia takataka kuelekea chumbani. Siku ile nilijua tu kwamba Mugisha alikuwa akinitazama. Ghafla akarusha kichwa, na akalia kilio ambacho sikukijua. Kwenye ncha ya unyoya, juu ya njano, palikuwa na nukta ya damu.

Nilimbeba nikazunguka naye uani. Hakuna aliyekuja, kwa kuwa hapakuwa na wa kuja. Unyoya niliuzika kwenye shina la mgomba wa tatu kutoka mlangoni. Mama aliporudi jioni akauliza kama imetoka. Nikasema imetoka, na kweli ilikuwa imetoka.

Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio hakikuwa changu. Siku ya tatu Mugisha alianza kuchemka mwili. Alikuwa na mafua pia, na nimeyahesabu mafua hayo mara nyingi, nikiyaweka upande wangu wa mizani, kwa sababu nesi mwingine aliniambia ukubwani kwamba sikio la mtoto linaweza kuoza kwa mafua tu bila mtu kuligusa. Labda. Lakini mafua hayachagui sikio lenye damu. Siku ya tano usaha ulitoka, na harufu yake ikashinda ya samli. Ubatizo ukaahirishwa. Nilianza mchezo wa siri: nasimama nyuma yake upande wa kulia, nagonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko, anageuka. Naenda kushoto, nagonga. Hageuki. Narudia, maana mara moja si hesabu. Hageuki. Nikaanza kumsimulia habari za mbuzi kutoka upande huo, na yeye akaendelea kuangalia vidole vyake.

Tukarudi zahanati. Nesi yule yule. Safari hii hakuwa na haraka. Alichungulia sikio, akanusa, akainua uso, akaongea huku akinitazama mimi: "Mwulize mama, nani aliingiza kitu humu ndani? Niambieni ukweli. Sitamgombeza mtu, nataka kujua tu nimtibu vipi."

Kila neno nililielewa. Ndiyo siku Kiswahili changu kilikuwa kizuri kuliko siku zote. Mama alikuwa ananitazama, akingoja. Nesi ananitazama, akingoja. Katikati yao hakuna mtu mwingine ila mimi, na ningeweza kusema chochote.

Nikamwambia mama: "Anauliza kama alianguka."

"Hakuanguka," mama akasema.

Nikamwambia nesi: "Anasema hakuna aliyeingiza kitu."

Nesi akashusha pumzi. Akaandika, akatoa dawa ya kunywa, akaeleza polepole kwamba maji yasiingie sikioni, samli isiingie, kitu chochote kisiingie, na tukiona homa inapanda tusingoje kuche. Akaniambia nimrudishie mama kwa Kinyambo. Nilirudia vyote bila kosa. Tukiwa njiani, tumeshapita kisima, mama akasema bila kugeuka: "Mbona alipouliza yeye alisema maneno mengi, nawe ukanipa machache?"

"Kiswahili ni kirefu, mama."

Lakini tangu jioni ile alianza kuniuliza maneno tukimenya ndizi, moja baada ya jingine: hiki kinaitwaje, kile kinaitwaje. Alijifunza hadi akaweza kwenda kliniki bila mimi, na hakuwahi kuniomba tena nimtafsirie. Sikujua kama ni adhabu, na sasa hayupo wa kuulizwa. Tulimzika kwenye kibanja kile kile, karibu na mibuni yake.

Mugisha alipona homa. Usaha ulikauka, ukarudi, ukakauka tena, mwaka baada ya mwaka, na alipofika umri wa kwenda shule daktari wa mjini alisema ngoma ya sikio ina tundu lisilofunga na usikivu wa upande ule umebaki kidogo. Leo ni fundi seremala Bweranyange. Akiongea na mteja husogea kidogo kumweka upande wa kulia, na watu hudhani ni heshima. Nikimwuliza juu ya sikio hilo, husema usaha wa utotoni ulilianza tu, kelele za mashine za mbao ndizo zilizolimaliza. "Randa imenila sikio, dada," husema, na kucheka. Nami hucheka.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mtoto wa kwanza wa Mugisha na mkewe, msichana, miezi mitatu. Nilipanda basi na chane nne za ndizi, nikateremka nazo nne. Siku hizi mambo yamekuwa mepesi. Barabara inapitika, nesi wengi wanajua maneno mawili matatu ya Kinyambo, mama vijana wamesoma, na hakuna mtoto anayesimama kati ya watu wazima wawili akibeba lugha zote peke yake. Lakini wifi yangu, ambaye amemaliza kidato cha nne, alinitolea kikopo kizima cha vijiti vya pamba, vipya, vyeupe kama unyoya ule.

"Shangazi, afadhali umekuja," akasema. "Mtoe mwanao uchafu huo sikioni, mimi naogopa."

Niliutazama mlango wa sikio lile. Palikuwa na njano kidogo, laini, mahali pake. Nikamwambia si uchafu, ni nta, na kazi yake ni kulinda, itatoka yenyewe. Afute kwa nje tu, na kitambaa laini chenye maji kidogo, asipitishe kitu mlangoni. Akiona usaha, damu, homa, au mtoto haoneshi kusikia, ampeleke kliniki, asiweke mafuta wala dawa aliyoelekezwa na jirani. Nililisema lote kwa Kiswahili, kisha nikalisema lote kwa Kinyambo. Wifi akacheka kwamba alishasikia nilipolisema kwa Kiswahili. Vijiti nilimwomba nikaondoka navyo.

Mugisha alikuwa mlangoni, mavumbi ya mbao kwenye nyusi. "Dada, hayo ya nta umeyajulia wapi?"

"Niliambiwa na nesi."

"Lini?"

"Zamani."

Akamchukua binti yake, akamweka upande wa kulia, akaanza kumsimulia kitu kwa sauti ndogo. Mtoto akageuza kichwa, macho makubwa. Nilikaa pale nikiangalia, nyumba imejaa watu, na sikumbuki siku nyingine niliyojiona niko uani peke yangu na kuku kuliko siku ile.

Kwa hiyo nawauliza ninyi mnaosoma, hasa wenye wadogo zenu. Nimwambie, au niiachie randa lawama? Na kama ni kumwambia, nishaurini na hili, maana nimeshaenda Bweranyange mara mbili tangu hapo na kurudi nalo: nikae upande wake wa kulia, anisikie, au nikae kule kushoto, nilikoharibu mwenyewe, niseme yote kwa Kinyambo, na asiposikia nirudie?