Shaka la Mtu Mkimya

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu kule Karuba, mwanangu, ndevu zangu zikiwa bado za kuhesabika, Papa Bauma aliponiita nje ya kiwanda chake kidogo cha jibini. Aliniambia amepata nafasi ya mafunzo na ameniwekea mimi. Kijana mwingine angeruka kwa furaha. Mimi nilimtazama kwa pembe ya jicho nikajiuliza: huyu mzee anataka nini kwangu?

Ndivyo nilivyoumbwa, na hata leo sijapona. Mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja, salamu ya pili naichunguza. Usinicheke, kwa maana nimeambiwa na mama yako kwamba hata wewe hupokei simu kabla hujaulizana na roho yako mwenye simu anatafuta nini. Damu ni damu.

Tulikuwa wawili kiwandani, mimi na Espoir. Mimi nilishika sufuria kubwa: kupasha maziwa, kuyagandisha, kuyakata, kuyakamua. Espoir alipokea maziwa mlangoni na kuongea na watu, na kuongea alikujua. Kazi yangu niliipenda kuliko ninavyoweza kukueleza. Maziwa hayakuulizi habari za nyumbani. Unaingia, unafunga mlango, unasikia kuni zinalia, na mpaka jua linapanda hakuna aliyekulazimisha kutabasamu.

Lakini jibini letu lilikuwa limeanza kutuaibisha. Lilivimba kwenye mbao, likapasuka, na wanunuzi wa Goma wakaturudishia. Joto tulilipima kwa mkono, usafi tuliupima kwa macho, na hakuna kati yetu aliyejua ugonjwa umeingilia wapi. Njo maana Papa Bauma alitaka niende kwenye kituo kimoja kando ya ziwa, upande wa Kirotshe, nikajifunze kwa miezi mitatu. Nusu ya gharama angelipa yeye, nusu mimi.

Nikamwambia, mwaka ujao, Papa. Fedha niliyokuwa nayo nikanunua mabati ya nyumba ya mama. Mwaka ule ukafika, nikasema tena mwaka ujao, nikanunua mbuzi. Angalia vizuri hapo, mwanangu, kwa sababu watu wakimya tuna ujanja huo. Si kwamba hatutoi fedha. Tunatoa, ila kwa vitu visivyotusimamisha mbele ya watu. Mbuzi hakuiti ubaoni. Bati halikuulizi jina lako wala halikwambii ueleze wenzako ulichoelewa. Kisha tunajifariji kwa methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi niliisema hiyo kila siku, huku chema changu kinavimba kwenye mbao.

Mwaka wa tatu Papa Bauma alibadilisha sauti.

"Safari, hii njo ya mwisho," aliniambia. "Kama hauende, nitatafuta muntu kwengine mwenye anajua, yeye njo ashike sufuria. Wewe utamusaidia kubeba kuni."

Sufuria ile ndiyo ilikuwa maisha yangu. Na bado, badala ya kufunga mzigo, nilianza kumchunguza Espoir.

Ilinishangaza jinsi alivyonihimiza. "Enda tu, kaka! Miye ntabakia na sufuria, hakuna shida," alisema, na aliposema hivyo meno yake yote yalikuwa nje. Basi mchana mmoja nikajifanya nimesahau koti langu, nikarudi polepole, nikasimama nyuma ya ukuta wa mbao. Nikamsikia kwa masikio yangu akimwambia Papa Bauma: "Papa, kama yeye anakatala, munipatie miye. Na hata akienda, miye njo ntashika ile sufuria, nitaizoea."

Mwanangu, nilifurahi! Nisikufiche, nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Nilikuwa nimejua! Yule alikuwa ananisukuma ili akalie kiti changu. Nikaapa kwamba siendi popote.

Habari hiyo nikampelekea Mama Kanyere, mjane mmoja mzee aliyetuletea maziwa ya ng'ombe wake wawili. Nilimpenda kwa sababu na yeye alikuwa mtu wa maneno machache. Kuna siku tulikaa pamoja kwenye gogo mpaka maziwa yake yakapokelewa, na neno pekee lililopita kati yetu lilikuwa "mvua". Siku hiyo nilimweleza kila kitu kwa mara moja, nikamaliza, nikangoja anisifu kwa akili yangu.

"Sasa?" aliniuliza. "Ulizani Espoir anataka nini? Kila muntu anataka sufuria."

Nikamwambia, ndiyo hivyo, njo sababu siendi.

Akauliza tena: "Mutoto yangu, ile siku Espoir alirudi na karatasi ya formasio yake ya kupokea maziwa, wewe ulikuwa wapi?"

Hapa nikueleze, maana nyinyi wa leo mnaweza kusema mzee anatunga, ingawa desturi ipo mpaka sasa. Kwetu mtu akipata cheti cha mafunzo kama kile cha Espoir, au kazi, au hata pikipiki, hana budi kuaroze. Yaani ananunua vinywaji, watu wanakusanyika, na kabla chupa hazijafunguliwa wanamsimamisha aseme neno. Kisha wenzake nao wanasimamishwa. Espoir aliaroze kwa fujo. Alipanda juu ya benchi, akasema mpaka watoto wakasinzia, akamaliza kwa kusema: sasa tumsikilize kaka yangu Safari. Watu wakageuka. Kiti changu kilikuwa kitupu.

"Nilikuona nyuma ya zizi," Mama Kanyere alisema. "Ulikuwa unashika ngozi ya ngombe, unatetemeka. Hakuna muntu alikufukuza. Walitaka tu useme maneno mbili."

Nikainuka ili niondoke, naye akaendelea:

"Espoir ni mwizi ya sufuria, sawa. Papa Bauma anatafuta faida yake, sawa. Lakini hauko unaogopa kuibiwa, mutoto yangu. Uko unaogopa kupewa. Ukienda kule, watakuuliza swali mbele ya watu. Ukirudi, watakusimamisha. Njo kitu unakimbia, na Espoir umemufanya ukuta ya kujificha. Mficha uchi hazai."

Nilikasirika. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, na kwa kuwa mimi ni mimi, jambo la kwanza nililofikiri nikishuka kilima ni hili: nani amemtuma huyu mama? Ni Papa Bauma? Ni Espoir mwenyewe? Nilizunguka na hilo siku nzima nikipindua kila upande. Halafu nikachoka. Hata kama ametumwa, alichosema kilikuwa kweli. Nilimwona Espoir vizuri, sikukosea hata kidogo, na kumwona vizuri hakukunisaidia kitu. Jibini lilikuwa linavimba palepale.

Kesho yake nikaenda kwa Papa Bauma. Nilikuwa nimejifunza sentensi yangu njiani kama mtoto wa katekisimu. Nikamwambia: nitaenda, lakini nikirudi, tafadhali, mtu asinisimamishe.

Akashangaa: "Ni ile tu?"

"Ni ile, Papa."

"Miaka mbili, Safari! Nilizani unatafuta kazi kwa mwenye kiwanda ingine. Nilikuwa nakuchunga! Enda, sitakusimamisha."

Kumbe na yeye alikuwa ananishuku. Mtu mkimya anadhani ukimya wake haumsumbui mtu, kumbe wengine wanaujaza kwa mawazo yao, na mara nyingi wanaujaza vibaya.

Nikaenda. Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Wiki ya kwanza nilikaa karibu na mlango na sikuuliza swali hata moja, ingawa yalikuwa yamenijaa. Kwenye kitanda cha jirani alilala kijana wa Walikale, mtoto wa mwindaji, aliyekuja kujifunza kuchimba mabwawa ya samaki. Alinichunguza siku kadhaa kisha akaniambia: "Kaka, kwetu mu pori muntu ananyamaza juu nyama isikimbie. Wewe unanyamaza juu ya nini? Hapa nyama iko wapi?" Nikacheka bila kutaka. Siku iliyofuata nikamfuata mwalimu baada ya somo, wenzangu wakiwa wametoka, nikamuuliza juu ya jibini linalovimba. Alinijibu nusu saa nzima. Akaniambia ugonjwa unaingilia kwenye ndoo zetu, na maji tunayooshea, na mikono yetu ile tuliyoiamini kupima joto. Nilitaka kulia kwa vitu vyote tulivyomwaga.

Niliporudi, watu walikuwa wamekusanyika, maana Karuba haikosi kiu. Papa Bauma alitimiza ahadi, hakuniita. Ila watu wakaanza: neno! neno! Nikatazama mlango. Ndipo Espoir akapanda kwenye benchi lake akapaza sauti: "Neno la Safari ntalisema miye, yeye mumuache akate fomaji!" Akasema, akasifu, akaongeza na mambo ambayo sikuyafanya. Mimi nikapita na kisu, nikampa kila mtu kipande cha jibini nililotoka nalo kituoni. Bila shaka nilijiuliza Espoir anatafuta nini. Sijui mpaka leo. Sufuria nilirudishiwa, jibini likaacha kuvimba, naye Espoir alipewa sufuria ya pili tulipoongeza, na tukafanya kazi pamoja miaka mingi.

Sasa sikiliza, mwanangu, kwa sababu nimeambiwa una mwaliko wa mafunzo umelala ndani ya simu yako, na umemwambia mama yako kwamba waalikaji hao hawaeleweki. Huenda hawaeleweki kweli. Wachunguze. Uliza nani analipa, nani anafaidika, nani atakaa mahali pako ukiondoka. Dunia hii ya kwetu si ya kuamini kila anayebisha hodi, na mimi sitakufundisha upumbavu. Lakini ukimaliza kuwachunguza wote, geuka ujichunguze wewe kwa jicho lilelile kali. Sauti inayokwambia "mwaka ujao" iulize imetumwa na nani. Ukikuta ni woga wa kutazamwa, usione haya, wala usijigeuze mtu wa kupanda mabenchi. Utaje tu, kwa mtu mmoja anayeweza kukusaidia, na uombe unachohitaji. Swali uliulize kando kama mbele ya watu linakushinda. Ila liulize. Na fedha uliyoweka, kabla hujanunua bati lingine, nunua kwanza kile kitakachobaki kichwani mwako, ambacho hata Espoir hawezi kukishika ukiwa safarini.

Nenda basi. Mungu akulinde na wanaokutega, mwanangu, na zaidi akulinde na wewe mwenyewe unapojitega. Amina.