Chumba cha Ziada cha Kusikilizia Ngoma

Ziada binti Jumanne ana mashine ya kusaga pale Newala, kando ya barabara iendayo Mnyambe, na mtu wa kazi hiyo hujifunza kuzungumza kwa mikono. Mashine inanguruma kutwa, unga unatimka, naye anaonyesha vidole tu: ngoja, sogeza debe, wewe tayari. Kwa hiyo mwanawe Anwari alipohamia Mtwara kikazi na kuacha chumba chake kitupu, hakuna aliyeshangaa mama huyo aliposema anataka kukifanya mahali pa utulivu. Kilichowashangaza watu ni kwamba utulivu huo aliutaka ili asikilize ngoma.

"Ngoma si ziko nje?" mumewe, Hamudi, alimuuliza. "Msimu wa jando ukifika zinatukosesha usingizi."

"Ya baba haiko nje, Baba Anwari."

Marehemu Jumanne alikuwa mpigaji wa chinganga, ile ngoma nyembamba ya Kimakonde yenye mguu unaochomekwa ardhini, inayopigwa kwa vijiti viwili na kulia juu ya ngoma zote. Alifariki Ziada akiwa bado ananyonya. Tangu utoto wake, kila alikokwenda kuanzia Chilangala hadi Nanganga, wazee walimshika mkono na kumwambia, "Wewe ni mtoto wa Jumanne? Mkono wa baba yako ulikuwa hauna mwenzake." Walimsifia baba ambaye hakuwahi kumsikia akipiga.

Kulikuwa na kanda moja tu. Mgeni mmoja aliyekuwa akikusanya ngoma za Wamakonde alimrekodi Jumanne na kundi lake uwanjani Chilangala kwa maikrofoni mbili, mwaka mmoja kabla hajafa. Kanda iliyobaki nyumbani ilichakaa, na redioni ilitoa mvumo mtupu, kama mvua inayonyesha juu ya bati la mbali. Kisha Anwari akawapata jamaa za yule mgeni, wakamtumia nakala safi, naye akamletea mama yake kwenye flashi. Ziada aliichomeka kwenye redio ya nyumbani, akatega sikio. Mvumo uleule. Hapo akajua kwamba kasoro haikuwa kwenye kanda peke yake. Alihitaji spika.

Baada ya korosho kuuzwa, mke na mume wakapanda basi la asubuhi kwenda Masasi. Duka la kwanza walikataliwa kujaribu chochote. La pili waliwashiwa muziki wa dukani, Ziada akashukuru akatoka. La tatu lilikuwa la kijana mmoja mchangamfu aitwaye Ashiru.

"Shikamoo mama, shikamoo baba. Karibuni sana. Mnataka ya sebuleni au ya shughuli?"

"Marahaba. Nataka ya chumba kidogo," Ziada alijibu, akatoa flashi. "Lakini kwanza nipigie hii."

Ashiru akaichomeka kwenye sabufa kubwa lenye taa za kuwakawaka. Duka likatikisika. Wapita njia wakasimama mlangoni, Hamudi akaanza kutingisha bega.

"Mama, hii ukiiwasha, bati la jirani linacheza!" Ashiru alijisifu.

Ziada alikuwa amefumba macho. Ngoma kubwa ilikuwa imevimba, ikajaza duka na kumeza kila kitu. "Vijiti viko wapi?" akauliza.

"Vijiti gani, mama?"

"Kuna mtu anapiga vijiti humo ndani. Simsikii."

Ashiru akapunguza besi, akajaribu sabufa jingine, na jingine. Hamudi akamvuta mkewe kando. "Mama Anwari, chukua hilo kubwa. Tutalikodisha kwenye maharusi, litajilipa lenyewe. Baba mkwe, Mungu amrehemu, hawezi kukasirika."

"La maharusi tutanunua siku nyingine. Leo nimekuja kumsikiliza baba."

Macho yake yakapanda kwenye rafu ya juu kabisa. Huko kulikuwa na spika mbili za mbao, za ukubwa wa debe, zimefunikwa kitambaa cha kahawia na vumbi la kutosha.

"Zile?"

"Zile ni kuukuu, mama. Kuna mtu alihama akaniachia pamoja na amplifaya yake. Kila anayekuja anasema hazina besi."

"Zishushe, baba."

Zikashushwa, zikafutwa, zikawekwa mezani, moja huku na moja kule. Ziada akavuta stuli akakaa katikati. Ashiru akabonyeza.

Kwanza kulisikika uwanja: watu wanakohoa, mtoto analia, mwanamke anacheka. Ngoma kubwa ikaingia taratibu, safari hii ikakaa mahali pake. Halafu, upande wa kushoto, vikaanguka vijiti. Tatata-ta, tatata-ta, vikali, vyepesi, kila kimoja peke yake. Ziada alijikuta amesimama bila kujua ameinuka saa ngapi.

"Ni hizi," alisema.

Ashiru mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa. "Mama," alisema polepole, "mimi nilikuwa nauza vitu hivi sijui vina nini ndani."

Lakini furaha hiyo ilipata mtihani nyumbani. Walizipanga spika kwenye pembe mbili za chumba, zimeegemea ukuta, wakawasha. Sauti ikatoka kama ya mtu anayeimba ndani ya pipa. Vijiti viligonga ukuta na kurudi, ngoma kubwa ikavimba upya, na ule uwanja wa Chilangala haukuwapo tena. Ziada alikaa sakafuni, amevunjika moyo. Alimngojea mumewe aseme lile la sabufa.

Hamudi hakulisema. Alisimama katikati ya chumba akapiga kofi moja. Ukuta ukamrudishia kofi lake. Akapiga tena karibu na mlango, ambako zilining'inia kanga za mkewe. Safari hii halikurudi.

"Mama Anwari," akasema, "ubaya hauko kwenye spika. Uko kwenye chumba."

Basi wakaanza kazi. Walitandika mikeka, na juu ya mikeka zulia. Kwenye ukuta wa nyuma wakasimamisha godoro la Anwari, wakalifunika vitenge. Magunia ya pamba ya mito wakayabana kwenye pembe. Spika wakazitoa ukutani, wakazipandisha juu ya vigoda viwili vya mninga mpaka zikalingana na masikio ya mtu aliyekaa. Hamudi alisogeza, Ziada akasikiliza. "Rudisha kidogo. Igeuzie kwangu. Umepitiliza! Hapo, hapo, usiguse!" Majirani waliochungulia dirishani walidhani wanagombana.

Na uwanja ukarudi. Sasa ulikuwa wazi kuliko dukani, na mpana kuliko chumba chenyewe.

Ijumaa iliyofuata walizima mashine, Hamudi akaenda kwa pikipiki kumchukua Mzee Ladislaus wa Chilangala, mpigaji pekee wa kundi lile aliyekuwa bado hai. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeniitia nini?"

Ziada alimkalisha kwenye kiti cha katikati, akawasha bila kujibu. Mzee alisikiliza kidogo, kisha akanyoosha mkono wa kulia hewani. "Mimi nipo hapa." Akanyoosha wa kushoto. "Jumanne yuko pale. Kama tulivyokaa!" Ghafla akamshika Ziada kiwiko. "Tulia sasa. Ngoma yangu itanyamaza. Ngozi ililegea, nikainuka kwenda kuikausha motoni. Watu walisema ni hadithi yangu tu."

Upande wa kulia ukanyamaza kweli. Na upande wa kushoto, mahali palipotakiwa kuwa na pengo, mtu mmoja akaanza kupiga kwa ajili ya wawili: kijiti kimoja kikaendelea na chake, cha pili kikashika wajibu wa Ladislaus, bila kuyumba, huku wanawake wa uwanjani wakipiga vigelegele. Aliwabeba hivyo muda mrefu, mpaka ngoma ya kulia ikarudi, kavu na moto, zikapokeana.

Ziada alilia huku anacheka. Miaka yote sifa za baba yake zilikuwa maneno ya watu. Sasa mkono wenyewe ulikuwa mbele yake, unafanya kile walichosema ulifanya.

"Hamudi!" Mzee Ladislaus aliita. "Fungua mlango, majirani wasikie."

"Wakisikia wote watajaa humu, mzee."

"Si waingie kwa zamu!"

Hamudi akafungua. Mzee akainuka kwenye kiti, akavua viatu, akaanza kucheza juu ya zulia, taratibu, magoti yamekunjwa, naye Ziada akafunga kanga kiunoni akamfuata.